Tao Lisilo na Nyota

Jicho-joto lilikuwa vioo elfu moja vikielea angani, mbali kupita mwezi, kila kimoja na ukubwa wa mlango wa nyumba. Hakuna kilichovishika. Vilipangana vyenyewe kwa miale ya leza, vikisogea unywele huku na unywele kule, mpaka vyote vikawa kioo kimoja chenye upana wa uwanja wa mpira. Mbele yake lilitandazwa pazia la kuzuia jua, maana kazi ya Jicho-joto ilikuwa kuona joto, na anayetaka kuhisi joto la mwenzake sharti yeye mwenyewe awe baridi. Vioo vile vilikuwa baridi kiasi kwamba hewa hii tunayovuta ingeganda juu yake kama chumvi.

Picha zilishuka Mbeya. Si Mbeya ya mababu. Mbeya hii ilikuwa imepanda milima, mabehewa ya waya yakipita juu ya mitaa, na roboti wakizibua mifereji bila kudai posho. Kituo cha Anga kilikuwa ukingoni mwa milima ya Uporoto. Kwa kuwa Jicho-joto halikujua mawingu wala mchana, wafanyakazi wake waliingia saa mbili asubuhi kama watu wa posta, wakatoka jioni kwenda kula chakula cha moto na watu wao. Yaani wale waliokuwa na watu.

Tusajigwe hakuwa na mtu. Au alikuwa naye. Hilo ndilo hasa lililokuwa halijulikani.

Asubuhi ya Jumatano ukuta mzima wa chumba cha kazi ulijaa picha ya nyota mtoro. Nitaeleza, maana jambo lenyewe si gumu, ni wataalamu tu wanaopenda kulifanya gumu. Nyota nyingi hutembea polepole pamoja na ndugu zao. Lakini zipo zinazoishi mbilimbili, zikizungukana kama mtu na mkewe, na siku moja mmoja hulipuka. Aliyebaki, ambaye miaka yote alishikwa na uzito wa mwenzake, hana tena wa kumshika, naye hutupwa aende zake kwa kasi ya kutisha. Upepo utokao mwilini mwake husukuma vumbi la angani mbele yake, kama bata anavyosukuma maji ya bwawa kwa kifua. Vumbi likibanwa hupata moto, likipata moto hutoa mwangajoto, ule mwanga ambao jicho halioni ila ngozi huuhisi ukikaa karibu na jiko. Jicho-joto huuona. Kwenye picha hutokea tao jekundu mbele ya nyota, na wataalamu huliita tao la kishindo. Ukijua kulisoma, tao hukuambia nyota inakwenda wapi na kwa kasi gani, na ukiuvuta mstari kinyumenyume utafika kwao ilikozaliwa.

"Huyu katokea upande wa kundi la Nge," Tusajigwe alisema.

"Kaacha au kaachwa?" aliuliza Lwitiko, mkuu wa zamu, mtu mnene mwenye kikombe cha chai ambacho hakikuwahi kuonekana kitupu.

"Kaachwa. Mume kalipuka."

"Mke wangu hulipuka kila jioni na bado nipo."

Tusajigwe alicheka, kisha akageukia ukuta, na Lwitiko akakumbuka anazungumza na nani. Akaenda kuongeza chai.

Miaka kumi na tisa nyuma, chombo kiitwacho Mbayuwayu kiliondoka na watu arobaini. Kiliitwa hivyo kwa sababu mbayuwayu huhama lakini hurudi. Mmoja wa watu wale alikuwa Ambakisye Mwaipaja, mume wa Tusajigwe, aliyeshika usukani na ngao. Ngao yenyewe haikuwa bati. Ilikuwa nguvu ya sumaku iliyotangulia mbele ya chombo na kulisukuma vumbi kando, maana kwa kasi ile punje moja ya vumbi hutoboa chuma kama sindano itoboavyo kitambaa. Mpango ulikuwa kufika katika Wingu la Kijivu, kutandaza sumaku iwe pana kama tanga ili ifanye kazi ya breki, kupunguza mwendo, kuchukua sampuli, na kugeuza. "Ukisikia tumefunga breki, anza kununua mchele," Ambakisye alimwambia mkewe. "Nitarudi na mvi, usinicheke." Mwaka wa sita antena ya chombo ilinyamaza, na tangu siku hiyo hakuna sauti iliyosikika.

Kwa hiyo kila mwezi Jicho-joto lilipewa nafasi ndogo ya kutazama njia ya Mbayuwayu. Ngao ikipita kwenye vumbi nayo ingepaswa kufanya tao lake, dogo lakini lenye joto. Picha zilikuwa nyingi kupita uwezo wa macho ya watu, hivyo zilipitiwa na Mchambuzi, akili unde ya kituo. Na kila mwezi Mchambuzi alijibu kwa sauti ileile ya adabu: "Hakuna tao." Tusajigwe alikuwa akisema asante, kisha anakwenda kusimama kwenye korido mpaka uso umtulie.

Jumatano hiyohiyo mchana, mama mkwe wake alipiga simu ya sura kutoka Rungwe. Sura yake ilijaa kwenye kioo, karibu mno kama kawaida, paji la uso na jicho moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sitaki kukuzungusha. Jumamosi tunamzika Ambakisye."

Tusajigwe alikaa chini. Alijua maana yake. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo hukata shina la mgomba la urefu wake, hulivika blanketi, hulilaza mkekani, hulililia, na kulizika. Baada ya hapo nguo zake hugawanywa, mkewe huitwa mjane, na jina lake hupewa mtoto wa mwingine. Hana tena nyumba ya kurudia.

"Mama, hakuna aliyesema kafa."

"Na aliyesema yu hai ni nani?" Mama Ambakisye alisogeza simu, likaonekana jicho la pili, nalo lilikuwa jekundu. "Tusa, ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu limekwisha kuumia. Daktari kaniwekea mashine ya moyo, nasikia inagonga humu ndani kama panya. Nataka nimlilie mwanangu wakati machozi bado ninayo. Unataka nife kwanza, nimwache bila aliyemlilia?"

"Sitaki hivyo."

"Basi. Ukileta neno kabla mgomba haujafukiwa, tutasikiliza. Usipoleta, uje na khanga nyeusi."

Usiku ule Tusajigwe hakupata lepe la usingizi, na kesho yake alifika kazini macho yamemvimba. Hakugusa nyota hata moja. Alikaa mbele ya ukuta mtupu, Lwitiko akamletea chai na vitumbua, naye akavitazama tu.

"Mimi nikipoteza funguo," Lwitiko alisema, ili aseme chochote, "mke wangu haniulizi ziko wapi. Ananiuliza nimetafuta vipi. Ananikera sana."

Tusajigwe aliinua kichwa. Miaka yote hii walikuwa wakimuuliza Mchambuzi ameona nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza anavyotafuta, maana kila mtu pale alidhani anajua.

"Mchambuzi," alisema, "unapotafuta tao, unaanzia wapi?"

"Ninaanzia kwenye nyota," Mchambuzi alijibu. "Nikishapata nyota, natazama mbele yake."

"Ukikuta tao ambalo halina nyota?"

"Tao lisilo na nyota si tao. Ni vumbi tu, au uchafu wa picha. Huwekwa jalalani."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Nyinyi."

Lwitiko alikiweka kikombe mezani. Hilo ndilo kosa la watu wa fani ile, na wasingelifanya watu wengine wowote. Mtu wa kawaida angeanza na tao. Wao walikuwa wameishi na nyota tangu ujana, wakala nyota, wakalala nyota, na walipotaka kumtafuta binadamu wakamtafuta kama nyota. Mbayuwayu haikuwa na nyota. Ilikuwa chombo cheusi, baridi, kisichoonekana kabisa, chenye tao lake mbele na giza nyuma yake.

"Fungua jalala," Tusajigwe alisema. "Nipe kila kilichotupwa kwenye njia ya Mbayuwayu."

Jalala lilikuwa na picha za miaka mingi, na Mchambuzi alichukua mchana kutwa na asubuhi ya Ijumaa kulifukua. Zilipotoka, zilikuwa picha zaidi ya thelathini. Kwenye kila moja palikuwa na ukucha mdogo wa rangi nyekundu katikati ya kijivu. Zikipangwa kwa tarehe, ukucha ulisogea.

Tusajigwe alilia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza. Lwitiko alikwenda kufunga mlango, akasimama upande wa ndani akiulinda.

Lakini tao husomwa, na yeye ndiye aliyejua kusoma kuliko wote pale. Alipofuta machozi alianza kupima, na kadiri alivyopima ndivyo mikono yake ilivyozidi kuwa mizito. Tao lilikuwa jembamba. Ngao peke yake hufanya tao jembamba; breki ikitandazwa hufanya tao pana na butu. Katika picha za karibuni Mbayuwayu ilikuwa imekwisha kuvuka Wingu la Kijivu. Pale ambapo breki ilipaswa kutandazwa, haikutandazwa.

"Labda imeharibika," Lwitiko alisema.

"Ikiharibika unakwenda moja kwa moja. Hawa wamekata kona. Tazama." Alivuta mstari kwa kidole. Njia ilikuwa imenyooka mpaka katikati ya wingu, kisha ikapinda kidogo tu, ikaelekea nyota moja ya manjano iliyokuwa mbali zaidi. "Chombo chenye maiti hakikati kona."

"Basi kuna walio hai. Lakini si lazima awe yeye, Tusa. Nasema tu, usije ukaumia mara mbili."

Tusajigwe alisogea karibu na ukuta. Alikuwa akitazama picha mbili zilizotangulia ile kona. Katika picha hizo njia bado ilikuwa imenyooka, lakini tao lilikuwa limekwisha kuinama upande mmoja. Ambakisye aligombana na wakufunzi wake juu ya jambo hilo mwaka mzima. Wao walifundisha: geuza chombo kwanza, ngao itafuata. Yeye alisema hapana, inamisha ngao kwanza, vumbi lenyewe litakusaidia kugeuka. Usiku mwingi alimweleza mkewe kwa kutumia sahani na mwiko mpaka mboga ikapoa. Wakufunzi walimwita mbishi. Na sasa tao lilikuwa limeinama kwanza.

"Ni yeye," alisema. "Yeye ndiye aliyegeuza."

Lwitiko alisogea, akatazama kwa muda mrefu. "Kwa nini hawakurudi?"

Hilo tao halisemi. Labda mafuta ya kurudia yalikuwa hayatoshi. Labda waliona kitu kwenye ile nyota ya manjano. Labda walipiga kura, na Ambakisye akapinga, akashindwa, akaambiwa shika usukani. Labda hakupinga. Tusajigwe alijua angeishi na maswali hayo mpaka kaburini na hakuna kioo angani kingemjibu. Na hata mwanga aliokuwa akiutazama ulikuwa umesafiri miaka mitatu kumfikia, kwa hiyo aliyoyaona yalikuwa yamekwisha kupita.

"Mtu akikaa kimya," Lwitiko alisema taratibu, "kesho wanazika, bibi analia anapumzika, na wewe unapumzika. Sikushauri. Nasema lipo."

"Nikikaa kimya nitakuwa nimemzika mimi, na yu hai. Siwezi."

Jumamosi asubuhi alipanda behewa la waya kwenda Rungwe. Chini yake mashamba ya chai yalipita, kisha migomba, migomba mingine na migomba tena, na roboti wa kuvuna wakitembea katikati kwa miguu yao mirefu. Begani alikuwa na khanga ya kawaida, ya njano. Wanawake waliokuwa wakipika uani waliiona khanga hiyo kabla hawajaona uso wake, wakaacha miiko ndani ya masufuria.

Mgomba ulikuwa mkekani sebuleni, umevikwa blanketi la kijani. Mama Ambakisye alikaa kando yake, miguu-saidizi yake ya chuma imekunjwa chini ya sketi. Kwenye kiti alikuwa baba mdogo Asegelile, msemaji wa ukoo, fimbo mkononi.

Tusajigwe alipiga magoti, akasalimia, akasema moja kwa moja. "Mama, nimemwona. Ambakisye yu hai."

Kelele zilizotoka sebuleni zilisikika mpaka barabarani. Wengine walipiga vigelegele, wengine walilia, mmoja alianza wimbo. Mama Ambakisye hakufanya lolote kati ya hayo. Alimshika mkwewe kifundo cha mkono.

"Anarudi lini?"

"Harudi, Mama."

"Kachelewa?"

"Hakufunga breki. Walifika mahali pa kugeuza, wakakata kona, wakaendelea mbele. Yeye ndiye aliyeshika usukani. Nimeona mkono wake."

Vigelegele vilikatika kimojakimoja. Mama Ambakisye aliutazama mgomba, akalivuta blanketi likafunua shina, akalirudisha.

"Mtoto niliyemzaa mimi," alisema, "anakata kona mbele ya mama yake." Kisha sauti ikampasuka. "Aliniambia atarudi, Tusa. Alikaa hapo hapo ulipo, akala ndizi zangu, akaniambia atarudi."

"Na mimi aliniambia."

Walilia wote wawili, wameshikana, na hakikuwa kilio cha msiba wala cha furaha, hata waliokuja kuwasaidia kulia hawakujua waingie kwa namna gani. Hatimaye baba mdogo Asegelile akakohoa.

"Sasa, shemeji, mnatuambiaje? Watu wamekuja, ng'ombe kachinjwa. Mtu hai hazikwi. Na asiyerudi hangojwi. Tufanye nini, tule tu turudi makwetu?"

Ni Tusajigwe aliyezungumza, na alizungumza akiwa ameinamia mkeka, polepole, kama mtu anayekumbuka huku akisema.

"Hatukumsindikiza," alisema.

Ilikuwa kweli. Miezi mitatu kabla ya safari, wale arobaini walifungiwa kwenye jengo la vioo ili wasibebe ugonjwa hata mmoja wa duniani. Waliagwa kwa skrini, kila familia dakika zake. Hakuna aliyembebea Ambakisye mzigo hata mpaka getini. Na kwao mgeni hatoki hivihivi. Unatoka naye, mnazungumza njiani, mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe husimama na kusema: basi, mmenifikisha, rudini. Kabla hajasema, hakuna anayerudi. Anayegeuka kwanza ni kama amemfukuza.

Baba mdogo Asegelile alifikiri, akagonga fimbo sakafuni. "Hilo linafanyika," alisema.

Wakatoka. Walikuwa watu wengi, wenye viatu vizuri vya msibani, wakashuka njia ya udongo kati ya migomba. Kisha mmoja akasimulia jinsi Ambakisye alivyofungua redio ya jirani kuitengeneza akabakiwa na skrubu sita, na mwingine akasema zilikuwa nane, na kicheko kikasambaa. Hivyo ndivyo watu husindikizana. Mama Ambakisye alitembea mbele na Tusajigwe, wameshikana mikono, miguu yake ya chuma ikipiga mlio mdogo kila hatua. Nyuma, ng'ombe aliyesalia alikuwa ameanza kuula mgomba uliotolewa uani, na hakuna aliyemkataza.

Walifika kwenye njia panda, penye barabara ya lami. Wakasimama. Kila mtu alijua ndipo pa kurudia, lakini hapakuwa na wa kusema neno. Dakika zilipita. Mtu akakohoa, mwanamke mmoja akavua kiatu kilichombana. Wote walimtazama Tusajigwe, naye alikuwa akitazama mbele, barabarani, ambako hakukuwa na kitu. Hakuweza kugeuka. Alielewa wakati huo kwamba miaka kumi na tisa amesimama hapa, kwa sababu mgeni wake hakumwambia rudi.

Mama Ambakisye aliuachia mkono wake. Akatembea peke yake mbele, akavuka lami, hatua chache upande wa pili, kisha akageuka akawatazama. Jua lilikuwa nyuma yake, wakawa hawamwoni uso vizuri.

"Basi," alisema. "Mmenifikisha. Ndaga fijo, asanteni sana. Rudini."

Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja. Tusajigwe alibaki.

"Tusa," yule mama alisema, na sasa sauti ilikuwa ikimtetemeka. "Nimekwambia rudi. Mimi nakwenda mbali, usinicheleweshe."

"Utakula wapi huko?" Tusajigwe aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hilo, lakini ndilo lililomtoka.

"Nitakula. Kuna watu huko. Rudi, mke wangu."

Tusajigwe akageuka. Alipiga hatua ya kwanza, ya pili, akapanda njia ya udongo huku machozi yakimdondokea kwenye khanga ya njano, na hakutazama nyuma. Alipofika kwenye migomba ya kwanza alisikia mlio wa miguu ya chuma ukivuka lami, ukija nyuma yake polepole. Akapunguza mwendo ili mama mkwe wake amfikie.